Mwanao anajifunza Kijapani peke yake? Unaweza kumsimamia hata kama hujui neno moja

KIJANA amemaliza kidato cha nne na anasubiri matokeo. Au yuko likizo. Ukimkuta na simu saa tano usiku, jibu lake liko tayari: "Mama, najifunza Kijapani."

Hapo mzazi anabaki njia panda. Akimnyang'anya simu, huenda anakatisha juhudi ya kweli. Akimwachia, huenda ni katuni tu zinazotazamwa mpaka usiku wa manane huku bando likiteketea. Ugumu ni kwamba yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa mtoto huyohuyo. Anapenda lugha kwa dhati, lakini njia anayotumia inampa raha ya kujifunza bila kumpa lugha yenyewe. Baada ya miezi mitatu anajua salamu, anajua majina ya wahusika wa katuni, na hawezi kusoma sentensi moja. Anakata tamaa, na anajiona hana akili ya lugha.

Mara nyingi akili si tatizo, na wala Kijapani si tatizo. Tatizo ni mtoto kuamini kwamba anajua, kumbe anatambua tu. Habari njema ni kwamba mzazi asiyejua Kijapani hata kidogo anaweza kuligundua hilo akiwa jikoni, kwa maswali machache tu. Kwanza lakini ni vizuri ajue mwanawe anapambana na nini.

Pa kuanzia pana unafuu

Mtoto anayezungumza Kiswahili ana bahati ambayo wenzake wengi hawana. Kijapani kina vokali tano, a, e, i, o na u, na zinatamkwa karibu sawa na zetu. Silabi nyingi huishia na vokali kama zetu. Neno "sakura", yaani ua la mcheri, au "tomodachi", yaani rafiki, Mswahili analisoma mara moja na kueleweka. Hata ile "n" inayosimama peke yake kama silabi, ambayo wageni wengi huihangaikia, mtoto wetu anaijua tangu utotoni kwenye maneno "nchi" na "nta".

Kuna maneno yanayofanana kwa sauti na kutofautiana kwa maana, na hayo ni kichekesho kizuri cha mezani. Kwa Kijapani "mimi" ni masikio, "nani" ni nini, na "saba" ni samaki wa jamii ya vibua. Mtoto akiwaeleza wadogo zake hayo, tayari anafundisha, na anayefundisha hukumbuka zaidi.

Mfumo wa kuhesabu nao si mgeni sana kwetu. Sisi tunasema mti mmoja, kiti kimoja, ua moja, kwa sababu ngeli inabadilisha namba. Wajapani nao hubadilisha namna ya kuhesabu kulingana na umbo la kitu. Vitu virefu kama penseli huhesabiwa kwa "hon", vitu bapa kama karatasi kwa "mai", vitabu kwa "satsu". Mtoto akilalamika kwamba ni vingi, mkumbushe kwamba amekulia kwenye lugha yenye ngeli na hakuna aliyemsikia akilia.

Lakini unafuu huo una mtego wake. Sisi tumezoea kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kijapani hakina kanuni hiyo, na urefu wa vokali unabadilisha maana. "Obasan" ni shangazi au mama mdogo, "obaasan" ni bibi. "Ojisan" ni mjomba au baba mdogo, "ojiisan" ni babu. Konsonanti nayo inaweza kurefushwa: "kite" ni njoo, "kitte" ni stempu ya barua. Mtoto anayesoma tu bila kusikiliza ataendelea kumwita shangazi wa watu bibi, naye hatajua kosa liko wapi.

Dawa yake haina gharama. Ajirekodi kwa simu akisema sentensi tano, kisha asikilize sauti ya Mjapani wa kwenye somo akisema hizohizo. Tofauti ataisikia mwenyewe.

Mtego wa kwanza: kung'ang'ania herufi zetu

Kijapani huandikwa kwa mifumo mitatu inayochanganywa kwenye sentensi moja. Hiragana ina herufi 46 za msingi na hutumika kwa maneno ya Kijapani na viungo vya sarufi. Katakana nayo ina 46 za msingi na hutumika zaidi kwa maneno ya kigeni na majina ya wageni. Kisha kuna kanji, alama zenye asili ya China, ambazo kila moja hubeba maana.

Wanaojifunza wenyewe hupenda kuanza na romaji, yaani Kijapani kilichoandikwa kwa herufi zetu a, b, ch. Kwa siku chache si kosa. Kosa ni kubaki hapo. Vitabu vya Kijapani, mabango, mitihani na ujumbe wa simu haviandikwi kwa romaji. Mtoto aliyekaa miezi minne kwenye romaji atalazimika kuanza upya, na wengi huachia hapohapo.

Herufi tano kwa siku zinatosha. Kwa mwendo huo hiragana inaisha ndani ya siku kumi, na katakana siku kumi nyingine, kisha wiki moja ya kurudia. Aandike kwa kalamu kwenye daftari la mistari au la miraba, kwa kufuata mpangilio wa mikato. Mpangilio huo si urembo tu. Unampa mkono njia moja ya kukumbuka, na unasaidia kutenganisha herufi zinazofanana. Katakana za シ na ツ, yaani "shi" na "tsu", zimewachanganya wengi. Hali ni hiyohiyo kwa ン na ソ, "n" na "so". Anayeziangalia kwenye skrini tu huziona ni mapacha. Anayeziandika hujua mkato upi unaanzia juu na upi unaanzia chini.

Namna ya kupima ni rahisi. Mwite akuandikie jina la bibi yake kwa katakana bila kutazama simu. Kesho muonyeshe karatasi ileile umuulize umeandikwa nini. Akiweza yote mawili, amejua. Akiweza kusoma tu, bado yuko nusu ya njia.

Kanji: bandu bandu huisha gogo

Hapa ndipo wengi hutishika. Orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida nchini Japani, iliyorekebishwa mwaka 2010, ina alama 2,136. Mtoto akisikia idadi hiyo anaweza kufanya moja ya makosa mawili: kukimbia, au kutaka kuzikariri zote kwa mwezi.

Mueleze hivi: mtoto wa Kijapani mwenyewe, anayekisikia Kijapani tangu tumboni, hupewa miaka sita ya shule ya msingi kujifunza kanji 1,026. Hakuna anayemharakisha. Anayejifunza kanji mbili kwa siku bila kukosa atakuwa na zaidi ya 700 kwa mwaka, nazo ni nyingi.

Kosa lingine ni kukariri kanji moja pamoja na namna zake zote za kusomeka. Kanji moja inaweza kusomeka kwa njia kadhaa kutegemea neno. Alama ya 日, yenye maana ya jua au siku, imo mara mbili kwenye neno la Jumapili, "nichiyoobi". Mwanzoni inasomeka "nichi", mwishoni inasomeka "bi". Mtoto anayekariri orodha ya matamshi bila maneno anajaza gunia lililotoboka. Anayejifunza neno zima, "nichiyoobi", amepata matamshi mawili bila kujitesa.

Njia nzuri ni kufuata ukoo wa maneno. Neno "karate", ambalo kila mtoto analijua, ni "kara", tupu, na "te", mkono. Ni mchezo wa mikono mitupu, isiyo na silaha. "Karaoke" nayo ina "kara" hiyohiyo, maana mwimbaji anaimba na bendi isiyokuwepo. "Te" utaikuta kwenye "tegami", barua, ambayo ni mkono na karatasi. "Tsunami" ni "tsu", bandari, na "nami", wimbi. "Kaizen", neno ambalo watu wengi wamelisikia kazini kwenye semina za kuboresha utendaji, ni badiliko la kuelekea uzuri. Mtoto akizoea kuuliza "neno hili lina ndugu gani?", kanji zinaanza kufundishana zenyewe.

Kutambua si kujua

Mwaka 1885, mtafiti wa Ujerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha kazi aliyoifanya kwa kujipima mwenyewe. Alikariri silabi zisizo na maana, kisha akapima kiasi alichosahau kadiri muda ulivyopita. Aliona kwamba usahaulifu huenda kasi sana mwanzoni, kisha hupungua kasi. Aliona pia kwamba kurudia kwa kupishanisha siku kunashika kuliko kurudia mara nyingi siku moja.

Mwaka 2006, watafiti wa Marekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha jambo ambalo kila mzazi angefaa kulijua. Wanafunzi waliosoma maandishi na kuyarudia kuyasoma walifanya vizuri walipopimwa dakika tano baadaye. Lakini baada ya wiki moja, waliofanya vizuri zaidi ni wale waliosoma kisha wakajipima kwa kuandika walichokumbuka. Kurudia kusoma humpa mtu hisia kwamba anajua. Kujipima humuonyesha anachokijua kweli, na tendo lenyewe la kukumbuka ndilo linaloimarisha kumbukumbu.

Hapo ndipo anayejifunza Kijapani mwenyewe anapoteleza. Anasoma somo lilelile mara nne na kuona "hii naijua". Anatazama video ya mwalimu na kuitikia kwa kichwa. Anacheza mchezo wa lugha kwenye programu ya simu, ambapo majibu manne yapo mbele yake na kazi yake ni kugusa moja. Anapata nyota na pointi, na simu inamsifu kwamba hajakosa siku hata moja kwa miezi miwili. Mwambie sasa aseme "jana nilikula samaki" bila chaguo lolote, na anakaa kimya.

Programu hizo si mbaya. Zinafaa kama kionjo, si kama mlo. Ipo programu ya kadi iitwayo Anki, iliyotolewa mwaka 2006 na ambayo jina lake kwa Kijapani lina maana ya kukariri. Hiyo humrudishia mtu kila kadi kwa siku zinazopishana: aliyoikosa hurudi upesi, aliyoipata hurudi baada ya siku nyingi. Kwenye kompyuta na simu za Android ni bure.

Mtego wake ni tamaa. Mtoto anaweka maneno mapya 30 kwa siku, wiki ya kwanza anafurahi, wiki ya nne kadi za kurudia zinazidi mia kwa siku. Akiugua siku mbili tu, anakuta rundo, anaifunga na haifungui tena. Kiasi cha maneno mapya matano hadi kumi kwa siku kinatosha. Akikosa siku kadhaa, asiongeze jipya lolote mpaka rundo lipungue.

Nyumba yenye simu moja ya familia haina sababu ya kusikitika. Kata manila ziwe kadi ndogo, upande mmoja Kijapani, upande wa pili Kiswahili. Tafuta maboksi matatu ya viatu. La kwanza hurudiwa kila siku, la pili kila baada ya siku tatu, la tatu kila wiki. Kadi aliyoipata inasonga mbele, aliyoikosa inarudi la kwanza. Ni mbinu ileile, na haihitaji chaji wala bando.

Lugha ya katuni mbele ya wakubwa

Vijana wengi wamevutwa na Kijapani kupitia anime, katuni za Kijapani. Si vibaya, kwani mapenzi ndiyo yanayomfanya mtu arudi kesho. Lakini mzazi ajue mambo mawili.

La kwanza, kutazama huku akisoma tafsiri chini ya picha si mazoezi ya kusikiliza. Macho yanasoma Kiingereza na masikio yanapumzika. Kama anataka katuni iwe somo, achague kipande cha dakika mbili. Akitazame kwanza na tafsiri, kisha bila tafsiri, kisha aandike sentensi tatu alizozisikia na kuzisema kwa sauti. Dakika hizo mbili zinaweza kuchukua nusu saa, na zina faida kuliko vipindi vitano mfululizo.

La pili ni heshima. Sisi tunajua kwamba mtoto hamwambii mzee "mambo vipi". Anatoa shikamoo. Kijapani nacho kina ngazi zake, na zimo ndani ya kitenzi. "Taberu" na "tabemasu" yote ni kula, lakini la kwanza ni la watu mliozoeana na la pili ni la adabu. Juu yake kuna lugha ya heshima zaidi kwa wakubwa na wateja. Wahusika wa katuni, hasa wababe, husema "ore" kwa maana ya mimi na "omae" kwa maana ya wewe. Kijana akiingia kwenye usaili akamwita mwalimu "omae", amejiharibia kabla hajakaa.

Hata kumtaja mama kuna adabu yake. Mama yako ukimzungumzia kwa watu wa nje ni "haha". Mama wa mwenzako ni "okaasan". Mtoto aliyelelewa kujua tofauti ya mama, mama mdogo, shangazi na bibi hatashindwa hilo, ila ni lazima aambiwe. Ushauri ni aanze na lugha ya adabu, ile ya vitenzi vinavyoishia "masu", kisha lugha ya marafiki ifuate.

Aongee na nani, na mlango ukiwa wazi

Anayejifunza peke yake huogopa kusema mpaka awe tayari, na siku hiyo haifiki. Aanze kusema tangu wiki ya kwanza, hata kama ni peke yake. Njia moja ni kufuata sauti kama kivuli: anasikiliza somo fupi na kusema pamoja na msemaji, nyuma kidogo, akiiga urefu na upandaji wa sauti. Idhaa ya kimataifa ya NHK, shirika la utangazaji la Japani, ina masomo mafupi ya Kijapani yanayoelezwa kwa Kiswahili, na yanafaa sana kwa zoezi hili. Taasisi ya Japan Foundation nayo ina kitabu cha Irodori kinachopakuliwa bure mtandaoni pamoja na sauti zake. Kitabu kimoja na chanzo kimoja cha sauti vinatosha. Mtoto mwenye programu saba na vitabu tisa kwenye simu kwa kawaida hajamaliza hata kimoja.

Ipo pia mitandao ya kubadilishana lugha, ambapo Mjapani anayetaka Kiswahili au Kiingereza huzungumza na kijana wako. Hapo mzazi asilegee. Aliye upande wa pili hamumjui. Kwa mtoto chini ya miaka 18, mazungumzo yafanyike sebuleni, bila kutuma picha, bila kutaja shule wala mtaa, na bila kupokea wala kuombwa pesa. Rafiki wa kweli wa lugha hatachukia mama akipita na kusalimia.

Wala isiwe sababu ya kukesha. Japani iko mbele yetu kwa saa sita. Saa tisa alasiri kwetu ni saa tatu usiku kwao. Saa moja jioni kwetu, wao ni saa saba usiku na wengi wamelala. Akikuambia kwamba mwenzake anapatikana saa sita usiku wa hapa tu, mwambie huko ni saa kumi na mbili asubuhi, kisha muulize tena taratibu.

Usingizi ni sehemu ya somo

Kukesha na kadi za kanji kunaonekana ni bidii. Kwa ubongo ni hasara. Wakati wa usingizi ndipo ubongo hupanga na kuimarisha mambo yaliyojifunzwa mchana. Anayepunguza usingizi ili aongeze maneno anavuna huku anachoma ghala. Chuo cha Marekani cha tiba ya usingizi kilipendekeza mwaka 2016 kwamba vijana wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10 kwa siku, na watoto wa miaka 6 hadi 12 walale saa 9 hadi 12. Anayeamka saa kumi na mbili asubuhi, basi, awe amelala kufikia saa nne usiku. Simu ilale nje ya chumba chake.

Macho nayo yana haki. Kanji ni alama ndogo zenye mikato mingi, na kwenye kioo cha simu mtoto husogeza uso karibu mno. Kila baada ya dakika 20 atazame kitu kilicho umbali wa mita sita hivi kwa sekunde 20. Aongeze ukubwa wa maandishi, na asome kwenye mwanga. Kutoka nje mchana kunahusishwa na kupungua kwa hatari ya kupata tatizo la kutoona mbali, kwa hiyo kadi za manila chini ya mwembe ni tiba na somo kwa pamoja. Akilalamika kichwa kuuma kila anaposoma, au akikunja uso kuona ubao, apelekwe kupimwa macho. Asiambiwe tu kwamba simu ndiyo imemharibu.

Kwa masikio, Shirika la Afya Duniani linatoa mwongozo wa sauti isiyozidi desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki kwa watoto, na desibeli 80 kwa watu wazima. Nyumbani hakuna kipimo, lakini ipo njia: ukiwa umesimama karibu naye na ukasikia maneno yanayotoka kwenye hedifoni zake, sauti imezidi.

Cheti, ndoto na watu wa ahadi

Vijana wengi wana ndoto nyuma ya Kijapani: udhamini wa masomo, kazi ya kuongoza watalii, au ajira Japani. Ndoto ni nzuri, na mzazi aziunge mkono kwa macho mawili.

Mtihani unaojulikana zaidi ni JLPT, wenye ngazi tano, kutoka N5 ya chini hadi N1 ya juu. Ulianza mwaka 1984. Kwa N5 mtahiniwa anahitaji alama 80 kati ya 180, lakini pia lazima apate angalau 38 kati ya 120 za maarifa ya lugha na kusoma, na 19 kati ya 60 za kusikiliza. Aliyepuuza kusikiliza anaweza kuanguka hata kama jumla yake inatosha. Mtihani huo haupimi kuongea, kwa hiyo cheti bila mazoezi ya mdomo kinamwacha bubu uwanja wa ndege.

Udhamini wa serikali ya Japani kwa wanaotaka shahada ya kwanza hupitia ubalozi, na mtihani wake unagusa hisabati, Kiingereza na masomo ya sayansi kwa wanaokwenda upande huo. Wanaochaguliwa kwa kawaida hupewa mwaka mmoja wa maandalizi ya lugha hukohuko. Maana yake, kijana anayeacha hisabati kwa ajili ya kanji anajifungia mlango anaotaka kuufungua.

Na akitokea wakala anayeahidi Kijapani kwa wiki sita pamoja na kazi Japani, kwa malipo ya mbele, mzazi akumbuke hesabu hii. Taasisi inayofundisha wanadiplomasia wa Marekani hukadiria saa 2,200 za darasani kwa msemaji wa Kiingereza kufikia kiwango cha kufanya kazi kwa Kijapani. Kwa saa moja kwa siku ni miaka sita. Ngazi za chini huja mapema zaidi, lakini si kwa wiki sita. Kabla ya kutoa hata shilingi, uliza ubalozini.

Saa moja inayotosha

Kwa kijana wa sekondari, saa moja kwa siku, siku sita kwa wiki, ni mpango anaoweza kuushika. Unaweza kugawanywa hivi:

Dakika 15 za kadi za kurudia, bila kutazama majibu.

Dakika 15 za somo jipya kwenye kitabu kimoja alichochagua.

Dakika 15 za kusikiliza na kufuata sauti kama kivuli.

Dakika 10 za kuandika kwa kalamu sentensi tatu kuhusu siku yake.

Dakika 5 za kufunga vitabu na kueleza kwa Kiswahili alichojifunza.

Hizo dakika tano za mwisho ndizo za mzazi. Maswali yake ni haya: Leo umejifunza neno gani, na linaandikwaje? Niambie sentensi uliyojifunza wiki iliyopita. Umekosea wapi leo? Kitabu chako umefika ukurasa wa ngapi? Umelala saa ngapi jana?

Usikague usahihi, maana huujui, na mtoto anajua kwamba huujui. Wewe sikiliza kama jibu linatoka kichwani au macho yanaikimbilia simu. Akijibu kwa kusitasita lakini akajibu, mpongeze, maana kusitasita huko ndiko kumbukumbu inapofanya kazi. Akishindwa, usimcheke wala kumlinganisha na mtoto wa jirani. Mwambie arudie kadi zake kesho, kisha zima taa.